Siku Kumi na Mbili za Mwalimu Ladislaus

Jumanne, 9 Januari 1996

Nimefika. Hospitali hii ya misheni imeligeuzia ziwa mgongo, na chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Dirisha lake halioni maji. Linaona milima ya Umatengo, nilikozaliwa, ikiwa imefunikwa na wingu hadi kiunoni. Hadubini imesalimika. Niliipakata tangu Songea, na kila gari lilipotumbukia shimoni abiria walinihurumia mimi, mimi nikiihurumia hadubini.

Waliotutangulia Chuo Kikuu walihitimu wakakuta barua ya serikali inawangoja: nenda wilaya fulani, ofisi fulani. Sisi tumeambiwa ajira zimefungwa na kwamba soko huria litatupokea. Limenipokea kwa mkataba wa miezi minne. Profesa wangu, huko Dar es Salaam, anachunguza jinsi kuvu iitwayo kriptokokasi inavyouvamia ubongo wa watu ambao kinga yao imeshuka. Kila mgonjwa atakayeletwa na kichwa kisichokoma kuuma atachomwa sindano ya uti wa mgongo, atatolewa mililita tatu za maji, nami nitayachunguza na kuandika. Sindano moja siku ya kwanza, nyingine baada ya wiki tatu, basi. Data zikiwa safi, Profesa ataniombea nafasi ya uzamili ng'ambo.

Zitakuwa safi.

Jumatano, 10 Januari

Mvua. Hakuna mgonjwa.

Ijumaa, 12 Januari

Daktari ni mmoja tu, Christopher, daktari msaidizi mwenye wodi mbili, chumba cha upasuaji na macho mekundu. Ni mtu mwema, asiyependa mabishano. Amenikabidhi wagonjwa wote wa utafiti kana kwamba ananipunguzia mzigo, kumbe anajipunguzia wake. "Wewe ndiye msomi wa jambo hili," alisema.

Mwingine ni Mama Hildegardi, muuguzi msaidizi, mzaliwa wa hapa ufukweni, mwenye miaka hamsini na kitu. Yeye ndiye huwachoma wagonjwa daktari anapokuwa na upasuaji, na mkono wake hautetemeki. Leo nilimweleza kwa nini kuvu hii ni fumbo. Mtu huivuta pamoja na vumbi, ikalala pafuni miaka mingi; mlinzi wa mwili akidhoofika, inaamka, inaingia katika damu, kisha inapita ukuta ambao hata dawa nyingi haziupiti. Vipi kitu kisicho na miguu kinapita ukuta? Dhana yangu ni kwamba chembe za ulinzi huimeza bila kuweza kuiua, ikaingia ubongoni imebebwa tumboni mwa askari yule yule aliyetumwa kuikamata.

Alinisikiliza hadi mwisho huku akikunja mashuka.

"Haya. Na ikishaingia, tunaitoaje?"

"Hilo si swali la utafiti huu, Mama."

"Ndilo swali la wodi hii, baba."

Jumanne, 16 Januari

Nimeiona! Mgonjwa wa kwanza. Unatia tone la maji ya mgongo juu ya kioo, unachanganya na tone la wino mweusi wa kuchorea, unafunika, unatazama. Kote giza, kisha katikati ya giza duara jeupe, ndani yake chembe moja, imetulia. Kuvu hujivika gamba nene la utelezi ambalo wino haulipenyi. Nilitazama mpaka shingo ikakakamaa. Nilitaka kumwita mtu aje aone, nikakumbuka hakuna wa kumwita. Christopher alikuwa anapasua henia. Nilijipongeza mwenyewe kwa Kiingereza, kisha nikaona haya.

Jumamosi, 20 Januari

Mvua. Ugali wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwani. Hapa wanazungumza Kinyasa, Kimatengo changu kinachacha mdomoni.

Alhamisi, 25 Januari

Siku mbaya kwa data. Mgonjwa wa saba, mvuvi mmoja aitwaye Tarsisi, aliletwa akiwa hajitambui. Wakati wa kumchoma, mrija wangu wa kwanza ulianguka ukavunjika, wa pili ukawa na ufa, na nilipokwenda kuleta wa tatu Mama Hildegardi aliacha sindano ikidondosha maji kwenye bakuli. Nimekadiria mililita ishirini na tano. Nimeandika: "Umwagikaji kwa bahati mbaya."

Ijumaa, 26 Januari

Tarsisi ameamka na kuomba uji. Mabadiliko ya hali ya fahamu katika ugonjwa huu yanafahamika. Hayana maana yoyote.

Jumatano, 7 Februari

Leo mchana waliingiza mtu kwa baiskeli, ameshikiliwa huku na huku, kitambaa kimefungwa usoni kukinga mwanga. Mkewe alikuwa akitembea kando ameshika viatu vyake. Nilipomfungua kitambaa alisema, bila kufumbua macho, "Polepole, kijana. Kichwa hiki kimebeba darasa la saba lote." Nikaijua sauti.

Mwalimu Ladislaus. Alinifundisha miaka minne kule Ukata, kabla hajahamishiwa shule ya huku Mbaha. Yeye ndiye aliyenisimamisha mbele ya darasa, nikiwa na miaka kumi, nibishane naye kama dunia inazunguka. Na nilipomshinda kwa hoja aliwaambia wenzangu wapige makofi. Kila kiburi nilichonacho kilianzia siku ile.

"Mwalimu, ni mimi. Kilian."

"Kilian mbishi?"

"Ndiye, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba." Akatabasamu, kisha tabasamu likageuka kuwa maumivu. "Basi nimepona. Maradhi yatachoka kubishana nawe."

Mililita tatu kamili. Wino. Duara jeupe, na jingine, na jingine. Sijawahi kuona mengi hivi katika kioo kimoja. Mgonjwa wa kumi na nne. Kinga yake imeshuka; kila mmoja hapa anajua kwa nini, na hakuna anayelitamka.

Nimempigia Profesa simu ya upepo kupitia misheni. Vidonge vinavyoiua kuvu vipo Dar es Salaam, katika duka la dawa la mtu binafsi, kwa bei ambayo mshahara wa mwalimu haujui hata kuitaja. Profesa ameahidi kuvituma kwa jina la utafiti. Vitakuja kwa basi hadi Songea, kisha Mbinga, kisha barabara ikitaka.

Alhamisi, 8 Februari

Mwalimu alilala usingizi wa saa mbili bila kuguna, kisha maumivu yakarudi. Mkewe, Mama Benadetha, aliniuliza kama sindano ni dawa. Nikamfafanulia kwamba sindano ni kipimo.

Jumapili, 11 Februari

Barabara ya kushuka kutoka Mbinga imekatika mahali pawili. Mwalimu anatapika.

Jumatatu, 12 Februari

Mama Hildegardi alinifuata maabara asubuhi, akafunga mlango nyuma yake, jambo ambalo halijawahi.

"Bwana Kilian, huyu Mwalimu tumtoe maji mengi."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya Tarsisi. Na yule mama wa Lituhi ambaye sindano ilivuja. Wale waliomwagika ndio wanaoamka. Hawa wa mililita zako tatu wanalala tu. Nimeangalia tangu mwezi wa kwanza. Hata maji yenyewe hayadondoki, yanaruka. Kitu kinachoruka kina msukumo ndani."

Nilimuuliza wangapi. Hakuwa na idadi. Nilimuuliza kama alilinganisha umri, siku za ugonjwa, joto la mwili. Hakulinganisha. Nilimweleza tofauti kati ya mambo mawili kufuatana na jambo moja kulizaa jingine, nikampa mfano wa jogoo na alfajiri. Ulikuwa mfano mzuri.

"Sawa," alisema. "Jogoo nimemwelewa. Mwalimu je?"

Jumanne, 13 Februari

Mama Hildegardi amelipeleka jambo hilo kwenye kikao cha asubuhi. Nilikwenda na kitabu changu kikubwa, nikakifungua mbele ya Christopher. Ubongo unaelea katika maji yale, nilisema; ukiyapunguza kwa pupa, unaweza kushuka kwenye tundu la chini ya fuvu na mgonjwa akafa papo hapo, mkononi mwako. Kitabu kimeandika hivyo. Utaratibu wa utafiti umeandika mililita tatu, na baada ya wiki tatu. Nani kati yetu yuko tayari kuweka sahihi?

Christopher alijisugua macho. "Kilian amesoma, Mama."

"Amesoma," alijibu Mama Hildegardi. "Yeye ameusoma mtungi. Mimi nimeubeba."

Wauguzi wawili walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nimeshashinda.

Jumatano, 14 Februari

Mvua tangu alfajiri. Vidonge vimefika Songea.

Alhamisi, 15 Februari

Mwalimu anasema anaona moshi. "Nani anachoma majani wodini?" Nilimwinulia vidole vitatu, akasema viwili, kisha akasema mkono.

Mama Benadetha alinishika mkono wa koti nje ya wodi. Hakuwahi kunigusa kabla. "Kilian, mtoeni tena kidogo. Siku ile mlipomchoma alilala. Saa mbili, nilizihesabu kwa jua la dirishani."

"Mama, utaratibu hauruhusu. Na ni hatari."

"Hatari kuliko hii?"

Nilimjibu. Nina majibu mengi. Nimeyasahau yote isipokuwa uso wake wakati akiyasikiliza: adabu tupu, kama mtu anayesomewa barua isiyo yake.

Ijumaa, 16 Februari

Mvua. Nimesafisha lenzi. Nimekula peke yangu.

Jumapili, 18 Februari

Wazee wa ukoo wa Mwalimu wameshuka kutoka juu, watu saba, wakiongozwa na Mzee Damiano, baba yake mkubwa. Wamesikia kwamba waliochomwa sindano ya mgongo hapa wanakufa, na wanataka kumrudisha nyumbani. Walikaa katika banda la kupikia la ndugu wa wagonjwa, wakafanya sengu.

Kwetu jambo zito halifunguliwi na tumbo tupu. Wanaume wa ukoo huketi, hunawa, hula sahani moja, kisha mkuu wa ukoo hulitaja jambo, na kila mmoja husema kwa zamu. Ndiyo sengu. Nimekulia ndani yake. Nilipokwenda seminari, na baadaye Chuo Kikuu, niliiweka pamoja na mambo mengine ya kuandikiwa insha.

Waliniita. "Karibu, mwanangu," alisema Mzee Damiano. "Nawa."

"Shikamoo, Mzee. Nimeshakula."

Sikuwa nimekula. Nilikuwa na karatasi mkononi, na hoja zikiwa moto. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili, nadhani dakika ishirini. Niliwaonyesha kwamba wanaokufa hawafi kwa sindano bali kwa kuchelewa kuletwa. Kwamba milimani hakuna daktari. Kwamba dawa iko njiani. Kwamba kumwondoa ni kumuua. Kila pingamizi nililijibu kabla halijatolewa. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, Mzee Damiano alisema, "Ahsante, baba. Umesema." Wakaendelea kumega ugali.

Nimewashinda.

Jumatatu, 19 Februari

Kitanda kitupu. Wamemchukua kulipopambazuka, kwa machila ya mianzi na blanketi la wodi, ambalo wameacha ujumbe kwamba watalirudisha. Mama Benadetha amekwenda nao.

Nilimkuta Mama Hildegardi akikunja godoro. Nikasema, "Walikubali! Hawakupinga hata kidogo."

"Ulikula?"

"Nini?"

"Jana, na wale wazee. Ulikula nao?"

Nilishika upande wa pili wa godoro.

"Mimi ni mtu wa ziwani, mambo yenu ya milimani siyajui. Lakini hata mimi nilikuwa pale nasuuza sufuria, nikaona. Watu saba wameketi, mmoja amesimama na karatasi. Nikasema, huyu wanamsikiliza kama wanavyosikiliza redio."

Asiyekula ni mgeni. Mgeni habishiwi, anashukuriwa. Nilijua hilo nikiwa na miaka sita.

Jumanne, 20 Februari

Mvua. Sikwenda maabara.

Jumatano, 21 Februari

Jumatano ya Majivu. Wodi nzima ina alama nyeusi kwenye paji la uso. Mimi nilijifungia na daftari langu la data, kwa nia, nakiri, ya kutafuta namba za kumnyamazisha Mama Hildegardi hata kichwani mwangu.

Wagonjwa kumi na wanne walikuwa na kuvu. Tisa walitolewa mililita tatu: kati yao, katika siku tatu za mwanzo, hakuna hata mmoja aliyepata nafuu ya kichwa iliyodumu. Watano walimwagika kwa ajali mbalimbali, mrija, kikohozi, sindano kuvuja. Wote watano siku ya pili walikuwa wakizungumza. Maneno ni yangu, kwa mwandiko wangu: "Ameomba uji." "Amemtambua mwanawe." "Ameulizia nyavu zake." Niliyaandika chini ya safu ya kasoro.

Nilijiambia watano si takwimu. Kisha nikasikia sauti yangu ilivyo.

Nikakaa na kufikiri, kwa mara ya kwanza tangu nifike, badala ya kubishana. Maji ya ubongo huzaliwa kila siku na hutoka kila siku, kupitia vijitundu vidogo sana. Gamba la kuvu lina utelezi kama mlenda. Litaziba vijitundu. Maji yanazaliwa, hayatoki. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Kinachobanwa ni ubongo, na mishipa ya macho. Gamba lile lile nililolitazama mpaka shingo ikakakamaa! Na kitabu changu kinachotisha kuhusu kutoa maji kinazungumzia uvimbe wa upande mmoja wa ubongo, si ugonjwa huu. Sentensi iliyofuata ilisema hivyo. Sikuisoma mbele ya Christopher kwa sababu sikuihitaji ili kushinda.

Siku tisa tangu aniambie.

Alhamisi, 22 Februari

Nilimwambia Mama Hildegardi kwamba alisema kweli, mbele ya Christopher na wauguzi wote, kwenye kikao, kwa sababu ndipo nilipomkosea. Hakunifurahia. Alisema tu, "Nani ana viatu vya kupandia mlima?"

Christopher alitukabidhi sindano nne, dawa ya ganzi na glavu. "Nenda naye. Mkono wake ni mzuri kuliko wangu, na leo nina watu wawili wa kupasua."

Ijumaa, 23 Februari

Lori la mfanyabiashara wa usipa lilitufikisha pale barabara ilipokatika. Kutoka hapo ni miguu. Mama Hildegardi alitangulia, begi kichwani, akizungumza na kila aliyekutana naye. Mimi nilihema nyuma.

"Msomi, pumzi zako umeziacha Chuo Kikuu?"

"Zinakuja, Mama."

"Zingoje basi. Zisije zikapotea, huku zote ni kona."

Tumelala kwa katekista. Majani ya mashambani yamefyekwa na kupangwa miraba, tayari kwa kuchimbwa ngolo. Nimeyapita mashimo hayo utoto wangu wote. Leo niliona ni mitego ya maji: mvua inashika shimo, inazama polepole, mlima haubomoki. Mababu zangu walijua nini cha kufanya na maji yanayosukuma.

Jumamosi, 24 Februari

Tulifika saa nne asubuhi. Ukoo ulikuwa umeketi. Mzee Damiano alitutazama, kisha akaniambia kama alivyoniambia wiki iliyopita, kwa sauti ile ile: "Nawa."

Nilinawa. Niliketi chini. Ugali wa mahindi, maharage. Nilimega, nikachovya, nikala hadi sahani ikaisha, na katika muda huo wote kutoka chumba cha ndani nilikuwa nikimsikia Mwalimu akiguna kila alipovuta pumzi. Sijawahi kula chakula kirefu namna hiyo.

"Sasa sema," alisema Mzee Damiano.

Nilisema kwa Kimatengo, na nilisema kidogo. "Nilikosea. Muuguzi huyu aliniambia siku kumi na mbili zilizopita kwamba Mwalimu atolewe maji mengi. Nilikataa. Nilikuwa na maneno mengi kuliko yeye, basi."

Ignatio, mdogo wake Mwalimu, alinikazia macho. "Mlimtoa maji akazidi. Leo mnataka kumtoa zaidi?"

"Tulimtoa kidogo mno."

"Na ukikosea tena?"

"Sitakuwa mbali. Mtanikuta hapa hapa nilipoketi."

Wakasema kwa zamu, wote. Sikujibu hata mmoja, ingawa wawili walisema upuuzi. Mwishoni Mzee Damiano alimgeukia Mama Hildegardi, aliyekuwa mlangoni pamoja na wanawake. "Wewe ndiye uliyesema tangu mwanzo?"

"Ndimi, baba."

"Basi wewe uchome. Huyu ashike taa."

Haikuhitajika taa. Tulimvuta hadi penye mlango, jua la saa sita likiwa limetoka baina ya mvua mbili, na lilimwangukia mgongoni. Mimi nilimshika magoti na kichwa, nikamkunja. Alikuwa mwepesi. Sindano ilipoingia, maji hayakudondoka. Yaliruka mbali na bakuli na kunilowesha shati. Mama Hildegardi alihesabu matone kwa Kinyasa, kwa sauti, kana kwamba anayaamrisha. Yakapungua kasi. Yakawa tone, na tone, na tone. Kuguna kulikoma. Nilidhani amekufa, na nikaona kwamba Mama Benadetha naye amedhani hivyo.

"Kilian," alisema Mwalimu, karibu kabisa na sikio langu. "Unanibana."

Wanawake walipiga vigelegele. Ignatio alitoka nje. Mwalimu alinyoosha shingo polepole, kama mtu anayejaribu shati jipya, akageuza uso kuelekea mlangoni, kwenye mwanga wote ule.

"Fungueni mlango basi," alisema. "Mnakaaje gizani?"

Jumatatu, 26 Februari

Tumemtoa maji tena. Kichwa hakiumi. Anakula. Haoni.

Jumamosi, 2 Machi

Vidonge vimefika, Christopher amevituma kwa mkono wa katekista. Mama Hildegardi amerudi ziwani, mimi nimebaki. Amenifundisha kuchoma kwa kutumia kibuyu na kipande cha kanga mbichi iliyokunjwa. "Usikimbilie," alisema. "Mfupa utakuonyesha njia, ukinyamaza."

Alhamisi, 14 Machi

Mwalimu ameketi uani. Amebishana na Ignatio kuhusu bei ya kahawa na wanunuzi binafsi, akamshinda.

Jumapili, 24 Machi

Wanachimba ngolo. Sikwenda kuwasaidia, nao hawakuniita. Mwalimu anawatambua watu kwa hatua zao. Hatua zangu, anasema, ni za mtu anayejieleza.

Jumamosi, 30 Machi

Nilimwambia. Nilidhani angekuwa ameambiwa, lakini katika nyumba hii hakuna aliyeliona kuwa jambo lake la kusema. Nilimweleza yote: Mama Hildegardi, jogoo na alfajiri, kitabu, sentensi ambayo sikuisoma.

"Moshi niliuona lini?"

"Tarehe kumi na tano, Mwalimu."

"Na yeye alikwambia lini?"

"Kumi na mbili."

Kuku walipita katikati yetu. Nilingoja anisamehe, au anifukuze. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Alisema, "Niletee fimbo, nataka kwenda chooni," na nilipotaka kumshika mkono alikataa.

Jumatatu, 8 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Siku tisa hakunisemesha zaidi ya salamu. Nilimpa vidonge, nilimpima, nilikula sahani moja na watu wasionichukia wala kunizungumzisha. Chuo Kikuu nilijua upweke wa mtu aliye juu ya wenzake, na nilikuwa nikiufurahia. Huu ni mwingine.

Leo alisema, "Ripoti yako unaipeleka lini?"

"Mwisho wa mwezi, Mwalimu."

"Utakapofika sehemu yangu, nisomee."

Alhamisi, 18 Aprili

Barua ya Profesa. Anashauri mgonjwa wa kumi na nne aondolewe katika utafiti, kwa kuwa alitibiwa nje ya utaratibu na ataichafua data. Anasema nafasi ya uzamili inakwenda vizuri.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua zinakwisha. Nimeandika ripoti juu ya goti. Mgonjwa wa kumi na nne yumo. Wale watano nimewatoa katika safu ya kasoro na kuwapa sura yao, na nimeandika kwamba aliyeligundua jambo hili ni Hildegardi, muuguzi msaidizi. Kwa Profesa itakuwa kama nimemtupia tope, na sidhani kama ataniandikia barua ya kuniombea nafasi.

Kisha nikamsomea Mwalimu sehemu yake. "Mgonjwa alipoteza uwezo wa kuona kwa kuwa utoaji wa maji ulichelewa."

"Ulicheleweshwa na nani?"

Nikafuta. Nikasoma tena: "Kwa kuwa msaidizi wa utafiti alikataa ushauri wa muuguzi, utoaji ukachelewa siku kumi na mbili."

Alitega sikio, kama alivyokuwa akifanya mwanafunzi alipokaribia jibu.

"Huyo msaidizi hana jina?"

"Analo, Mwalimu."

"Liweke."

Nimeliweka. Akaniambia nisome upya, tangu mwanzo, na kwa sauti, ili na Mzee Damiano asikie.